Trauti wa Ignace

Mimi Burhani wa Tanga sijapata kumkasirikia mtu ninayempenda kama nilivyomkasirikia Ignace Septemba ile ya 2017. Jumamosi nne! Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuuza viatu hapa ugenini kusini mwa Afrika, mtaani Turffontein. Nikaacha meza yangu, nikaendesha pikapu saa tatu nzima kwenda milimani, eti nikamtazame fundi cherehani akichapa maji kwa uzi.

Ignace ni mtu wa Uvira, mtoto wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Hapa La Rochelle, mtaa wa jirani, anashona nguo. Alikuwa anakaa na mkewe Hélène na watoto wawili katika nusu ya chumba. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, walikaa Warundi. Watu wema, lakini ukikohoa huku, huko wanakuitikia pole.

Siku moja mzee mmoja wa Kizungu, Gerhard, alimletea kizibao chake cha uvuvi kilichochanika mifuko. Alipoona vidole vya Ignace, akamfundisha kutengeneza nzi wa bandia: unachukua ndoana ndogo kama punje ya mchele, unaizungushia uzi na manyoya mpaka samaki aamini ni mdudu. Haukupita muda, mwanafunzi akampita mwalimu.

Ndipo Gerhard akatoa neno. Alikuwa na shamba milimani, kijito kinapita katikati, wageni huja kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Alitaka mtu wa kuwaongoza, na kazi ilikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Sharti ni moja: kabla Septemba haijaisha, Ignace avue trauti mmoja mbele yake, kwa nzi wake mwenyewe, kisha amrudishe majini mzima. Samaki wa pale haliwi. Anashikwa, anatazamwa, anaachiwa.

"Siye kwetu samaki hatumuachiliake," Ignace aliniambia akicheka. "Lakini kwa nyumba ile, nitamubusu kwanza."

Hélène aliposikia vyumba viwili hakungoja kusikia sharti, alisema neno moja tu: mlango. Mlango wake, wa kufunga mwenyewe. Wiki ile ile akaanza kupanga sufuria kwenye maboksi.

Sasa mje mwone mateso. Jumamosi ya kwanza ndoana ilinasa mti. Ya pili ilinasa kofia yangu, nikiwa nimeivaa! Kijito chenyewe chembamba, mbuzi anakiruka. Trauti unawaona kabisa, wametulia wanatutazama, ila kivuli chako kikigusa maji tu, hao, wameyeyuka.

"Ignace, lete wavu tuondoke hapa!"

"Nyamaza, Burhani, banasikia."

"Wasikie! Mimi nina wateja wananisubiri!"

Ya tatu, mmoja akameza. Ignace akavuta kwa nguvu zote, utadhani sangala wa ziwani, uzi ukakatika. Akakaa kwenye jiwe, machozi yanamlengalenga. Na mimi nilitaka kulia, kwa hasira.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya mwisho. Gerhard alisimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Ignace akarusha. Uzi ukanyooka hewani, nzi akatua juu ya maji bila kuyashtua, na samaki akaja. Safari hii hakuvuta. Alimwachia akimbie, akamrudisha, akamwachia tena, hadi akapiga magoti kwenye maji na kumshika kwa mkono wa kushoto, trauti mwenye mstari mwekundu ubavuni. Nikasema alhamdulillahi, tumepona!

Mkono wake wa kulia ukaokota jiwe, ukampiga samaki kichwani. Ko! Mara moja tu, kwa ustadi. Ndivyo baba yake alivyomfundisha tangu ana miaka sita: samaki hupigwa kwanza, ndipo anatolewa ndoana.

 Ignace alimtazama samaki, akaitazama mikono yake.

Gerhard hakufoka. Bora angefoka. Alisema hajaona mtu akirusha vizuri vile mwaka ule, lakini kazi hiyo hawezi kumpa. "Mchukue," akasema, "asije akaoza bure."

Kufoka nilifoka mimi, njia nzima. "Samaki mmoja, Ignace! Kumwachia tu! Kufungua vidole tu!"

"Mukono haukuniuliza, ndugu yangu," alijibu, mfuko wa plastiki mapajani.

Tulipofika, Hélène akauona mfuko, akafungua, akapiga vigelegele mpaka Warundi wakatoka nyuma ya pazia. Amepata! Mume wangu amepata! Akampaka samaki chumvi na ndimu, akamkaanga, kipande kinono akanipa mimi. "Kula, shemeji, umeteseka sana kwa ajili yetu." Nikala. Ningefanya nini?

Ignace alingoja sahani ziishe ndipo akamweleza yote, polepole. Hélène alisikiliza huku ameshika mifupa kwenye sahani.

"Kwa hiyo," akauliza, "ungerudi mikono mitupu ndiyo tungepata nyumba?"

"Ndiyo," Ignace akasema.