Tawi Mbele ya Dishi

Juzi nilikuwa kwenye foleni, ofisi moja hapa Bomani. Mbele yangu yupo dada mmoja, fundi wa madishi ya intaneti ya setilaiti, na koili la waya begani. Anataka barua ya utambulisho aipeleke shule moja kule Morotonga, apewe kazi. Mwisho wa kupeleka ni siku hiyo hiyo.

Ofisa hakuinua hata macho. "Cheti cha chuo?"

"Sina, bosi. Nimejifunzia juu ya mabati."

"Basi rudi shule. Na mtandao wenyewe hakuna tangu mvua zianze."

Dada akachungulia dirishani, akaliona dishi la ofisi nyuma ya mti, akacheka. "Aliyewafungia hilo dishi alikuja kiangazi?"

"Kiangazi, ndiyo. Na alikuwa na cheti!"

"Basi huo mti haukuwa na jani hata moja. Sasa umejaa majani, dishi halioni anga."

Akamwita mlinzi nje. "Shikamoo baba. Hebu nivutie hilo tawi."

Mlinzi akavuta. Mtandao huo, umerudi!

"Achia, baba." Ukakata.

"We binti, mwambie avute!"

"Barua kwanza, bosi. Au nirudi shule?"

Foleni nzima tukaangua kicheko. Mlinzi naye kakunja mikono, tawi hagusi ng'o. Ofisa akaandika kwa mkono, akagonga muhuri.

Mimi niliishia kidato cha pili, kwa hiyo semeni najitetea. Sawa, najitetea. Ila yule dada hakuomba panga la kukatia tawi mpaka wino ulipokauka.