Amplifaya Isiyo na Ubovu

Mteja akiniletea kitu kibovu, huwa naomba nisikute kimeungua sana. Siku ile ya amplifaya ya baba niliishia kuomba kinyume chake: nikute chochote kimekufa, hata transfoma, mradi kimekufa.

Baba ni fundi mitambo mstaafu wa shamba la mkonge, na gitaa alijifunzia kwenye bendi ya shamba. Siku hizi anapiga na wastaafu wenzake kila Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye ukumbi mdogo hapa Pongwe. Wenzake walikuwa wameanza kunung'unika. Baba anafungulia sauti kali mpaka inachoma, na akiambiwa apunguze anang'aka kwamba amplifaya yake imepoteza sauti za juu, zile nyembamba. Mwishowe wakamwambia: itengeneze au utupishe. Baba yangu, aliyeianzisha bendi hiyo, kuambiwa apishe! Jumamosi mchana akaibeba mwenyewe hadi kwenye kibanda changu cha ufundi, jasho linamchuruzika, na hata shikamoo yangu hakuiitikia. Nikajua kanuna.

Amplifaya yenyewe ni ya valvu, zile taa za kioo zinazopata moto zikawaka nyekundu. Ndani mna volti zaidi ya mia tatu, na hazina utani. Kuzipima alinifundisha yeye: mkono mmoja ushike ncha ya mita, mwingine uweke mgongoni, usije ukagusa bati umeme ukakupitia kifuani. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini alisimama begani kwangu akinikaripia, "Mkono nyuma, mama. Nyuma!"

Nikapima valvu moja baada ya nyingine. Volti zilikuwa pale zinapotakiwa. Kapasita nzima. Nikatoa spika, mahali pake nikaweka rezista kubwa ya omu nane, tunayoiita mzigo kwa kuwa inakula nguvu yote bila kutoa sauti. Nikaingiza mlio kutoka kwenye simu, nikafungulia mpaka karibu na kukwaruza. Volti kumi na mbili. Zizidishe kwa zenyewe, gawa kwa nane: wati kumi na nane, nguvu ileile iliyotoka nayo kiwandani.

"Yasemaje?" baba akauliza kwa sauti kubwa.

"Nzima."

"Haiwezi kuwa nzima. Sauti za juu hazimo. Wapima vibaya."

Nilikasirika, sifichi. Nipime vibaya mimi, tena mbele ya aliyenifundisha! Nikarudisha spika, nikapunguza sauti, mita nikaiacha palepale, halafu nikaupandisha mlio wa simu kidogo kidogo, kutoka mzito kwenda mwembamba, ili kama kuna mahali unapopotea tupaone wote. Ukapanda, ukawa filimbi, ukawa kitu cha kutoboa kichwa. Mama anayekaanga mihogo hapo nje akaja mlangoni. "Jamani, kizimeni! Mwatuua!" Mshale wa mita ulikuwa umesimama imara.

"Mbona umezima?" baba akaniuliza.

Sikuwa nimezima. Hapo ndipo nilipoanza kuomba ubovu, lakini nilikuwa nimechelewa, na yule si mtu wa kufichwa mita. Aliutazama mshale. Akamtazama yule mama wa mihogo, aliyeziba masikio kwa viganja. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

Nikazima kweli. Ningeweza mapema kuchomoa valvu moja nikasema hii ndiyo iliyochoka, akapata pa kuitupia lawama japo kwa wiki chache zaidi. Sijui kama ningekuwa nimemsaidia. Najuta tu kwamba alijulia pale, mbele ya mtu baki, kwa sababu mimi nilitaka kushinda.

Nikamtajia hospitali. Nikamwambia kuna vifaa vya kuvaa masikioni, watu wanavaa na wanaendelea na shughuli zao.

"Hospitali twaenda," akasema. "Lakini kesho Jumapili. Wapigie wale, waambie amplifaya imekufa."

"Baba, hii si..."

"Imekufa, mama. Waambie. Bora wajue imekufa hiyo kuliko masikio yangu."

Nikampigia kiongozi wao palepale. Nikasema imekufa, na valvu zake hazipatikani tena. Nikamsikia yule mzee akiwaambia wenzake aliokuwa nao, halafu akarudi kwenye simu amechangamka.

"Mwambie asihuzunike. Bila gitaa lake sisi twapiga nini? Twatafuta nyingine, hata kama ni ya kuazima. Kesho aje tu."

Baba alikuwa amekaa karibu kiasi cha kugusana magoti nami, akinitazama midomo. Kesho, kwenye amplifaya ya kuazima isiyo na ubovu, wote wangejua.

"Asemaje?" akauliza.

"Anasema pole," nikamjibu.