Jokofu avuka mto na matofali pungufu

Jua bado halijafika kwenye paa la ghala. Mwanamke aliyevaa glavu nene hadi viwikoni anainua tofali la plastiki, analisogeza sikioni na kulitikisa. Kimya. Analiweka kulia. Linalofuata linacheza maji kwa ndani, kama chupa iliyobakiwa na funda moja. Analitupa kushoto na kusonya.

Wenzake humwita Jokofu. Anafungasha na kusafirisha chanjo zisizovumilia joto hata kidogo. Friza lake lina baridi kali kupita nyuzi hasi sabini, na wapakizi wa ghala huapa kwamba nzi aliwahi kuingia humo, akaganda hewani, akaanguka na kulia kama sarafu.

Jokofu hakanushi. "Alikuwa nzi mnene," anasema.

Matofali hayo hayana maji ya kawaida. Yana kimiminika kinachoganda kwenye baridi hiyo kali. Kikianza kuyeyuka, hunywa joto lote linalopenya sanduku la chanjo, na kipimo cha baridi hakisogei mpaka kimiminika chote kiyeyuke.

"Ni kama shemeji yangu kwenye sherehe," anaeleza. "Wewe mimina tu, atakunywa, hatikisiki. Ukiona anayumba, ujue amejaa."

Ila sharti yagande hadi moyoni. Jana mwenzake wa zamu, anayeitwa Mpangaji kwa kupenda unadhifu, aliyabananisha ndani ya friza kama fundi anayejenga ukuta. Baridi ikakosa pa kupita. Nje yamekuwa mawe, katikati yamebaki mabichi. Karibu nusu hayafai.

Na leo si siku ya kukosea. Hospitali ya ng'ambo ya mto ina wauguzi waliomhudumia mgonjwa wa homa hatari kabla haijajulikana anaumwa nini. Wanatakiwa wachanjwe leo. Mmoja wao ni mdogo wake Jokofu, kitinda mimba wa mama yao.

Mpangaji, uso umemshuka, anamsihi asubiri matofali yagande upya hadi kesho.

"Kesho mdogo wangu anaweza kuwa kitandani," Jokofu anamjibu. Anahamishia chanjo kwenye sanduku dogo, anazizungushia matofali mazima yaliyopo, anawasha gari.

Darajani, lori la saruji limevunjika ekseli katikati ya njia. Magari yamejipanga nyuma yake, injini zimezimwa, jua linachoma mabati. Kando ya usukani kuna kioo kidogo cha kipimo, kilichounganishwa kwa waya na sanduku. Kinasema hasi sabini. Jokofu anakitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Mlinzi wa daraja anakuja dirishani, anataka sanduku lifunguliwe akague.

"Mwanangu, ukifungua hilo tumekwisha," Jokofu anamwambia, sauti ya chini. "Humo mna dawa ya wauguzi. Mmoja wao nimembeba mgongoni mimi."

Mlinzi anamtazama, analitazama sanduku. Anageuka na kuanza kuwatoa abiria na madereva garini mmoja mmoja, wenye suti na wenye kandambili, waje wasukume lori.

Lori linagoma, linalia, linasogea kiduchu. Kioo kinasema hasi sitini na tisa. Kisha sitini na saba.

"Shemeji ameyumba," Jokofu ananong'ona, kijasho kikimtoka.

Upenyo unapopatikana, anapita, kioo cha pembeni kikikwaruza ukingo wa daraja. Chanjo huharibika joto likipanda juu ya hasi sitini. Mfamasia anayempokea getini anasoma sitini na mbili, anabeba sanduku na kutimua mbio bila hata salamu.

Wauguzi wote walichanjwa. Mdogo mtu alilalamika kwamba dada yake anaendesha kama konokono.

Siku hizi Mpangaji anakunja nyaya mwenyewe, atengeneze rafu za kuyaachanisha matofali ndani ya friza. Waliogopa kupeleka ombi ofisini, wasije wakaundiwa kamati. Jokofu anataka zikamilike kabla hajastaafu, ili atakayemrithi asitegemee sikio.

Mdogo wake bado yuko chini ya uangalizi, hana homa, na kila asubuhi hupiga simu kuagiza hiki na kile.

"Naomba atoke salama, tugombane vizuri," anasema Jokofu. "Sasa hivi namwonea huruma, na yeye amelijua hilo, ananitumia."