Dinari ya Bwana Feki

Ni asubuhi, na Makau Mulwa anapuliza jiko la makaa mbele ya kibanda chake cha mabati hapa Kianda, mtaani Kibera, Nairobi. Kabla makaa hayajashika vizuri, anafika Nasike, muuza mahindi kutoka Kawangware, akiwa amefunga kitu kwenye pembe ya leso.

"Fundi, niangalilie hii," anasema. "Ni dinari. Ile ya Kaisari, ile iko kwa Bibilia."

Makau haipokei. Anamsogezea kigoda.

"Kaa kwanza, mama. Ni nani alikupatia?"

"Pasta fulani mgeni, alikuja na krusedi, ile mikutano ya injili. Alisema ukiiweka kwa nyumba, nyumba haikosi chakula."

Ndipo anaichukua. Anaitazama chini ya lenzi ya fundi saa, anapitisha ukucha ukingoni, kisha anaidondosha juu ya kipande cha marumaru na kutega sikio.

"Ulifikiria vizuri, mama," anasema kwa upole. "Lakini hii ni feki."

Nasike anafunga leso yake na kuondoka bila kuaga. Makau anarudi kwenye jiko. Amezoea.

Kazi yake hasa ni kutengeneza vidani. Mwenye duka moja la mjini humletea sarafu za kale za Warumi kutoka ng'ambo, naye huzifungia kwenye fremu za madini ya fedha ili watalii wazivae shingoni. Huja zimechanganyika, za kweli na za uongo, na ya uongo ikipita ni yeye anayelaumiwa. Kwa hiyo alilazimika kujifunza.

"Warumi walikuwa wanapiga kwa nyundo, moja moja," ananieleza. "Ndiyo unaona kichwa cha Kaisari kimeenda upande, na ukingo umepasuka. Hizi feki, za kumimina madini yaliyoyeyushwa, zinatoka na mshono kando, na vitundu kama vya mandazi."

Habari zilienea, na waumini waliouziwa "dinari" wakaanza kumiminika kibandani. Walidhani wanakuja kuthibitishiwa baraka. Walirudi na neno moja.

"Hapa tunamwita Bwana Feki," anasema jirani yake Shivachi, fundi viatu. "Sasa nani atamletea kitu yake? Hata chai siku hizi anakunywa peke yake."

Ni kweli. Ndani ya kibanda kuna vikombe viwili vimetundikwa kwenye misumari. Kimoja kimeingia vumbi. Makau ni mpweke, wala hajisumbui kuuficha upweke huo.

Kikombe hicho ni cha mkewe, Kalekye, aliyekuwa akiuza mboga kule Silanga. Kalekye aliona jinsi mumewe alivyozipenda sarafu hizo, na jinsi ambavyo hakuna hata moja iliyobaki kuwa yake. Krismasi ya mwaka 1994 alimnunulia moja kwa mchuuzi wa mjini, kwa pesa za sukuma wiki alizouza, akaifunga kwenye kitambaa chekundu na kumpa baada ya kanisa.

Makau aliifungua, akachukua lenzi. Ukucha, marumaru, sikio.

"Nikasema, feki," anakumbuka. "Sikumwangalia uso. Nilikuwa naangalia ukingo."

Kalekye aliwasha jiko. Alipika, wakala. Mwezi uliofuata alienda kwao Machakos kumwona mama yake, na hajarudi hadi leo, mwaka wa pili sasa.

"Si hiyo moja tu," Makau anasema. "Kila kitu aliniletea, nilikuwa napima. Chumvi, shati, hata maneno yake. Siku hizi nauliza kwanza, nani alikupatia. Hiyo nilijifunza nikiwa nimechelewa."

Anafungua kifungo cha juu cha shati. Shingoni kuna kidani: dinari ile ile ya Kalekye, mshono wake unaonekana wazi, imefungiwa kwenye fedha safi. Mtu huyu ambaye hajawahi kufungia sarafu ya uongo, amefungia hiyo moja.

Akimaliza kazi ya duka iliyopo mezani atapanda basi kwenda Machakos. Anataka Kalekye amwone ameivaa. Kama atafunguliwa mlango, hajui.

Namuuliza atajibu nini mkewe akitaka kujua kama bado ni feki.

"Ni feki. Siwezi kumdanganya," anasema, akifunga kifungo. "Lakini hiyo nitasema ya pili. Ya kwanza ni asante. Hiyo ndiyo niliruka."