Ukuta wa Mwanahamisi

Marthe aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi kutoka Kilembwe, na kabla hajaonyeshwa jiko, mama mkwe wake alimwonyesha kuta.

Ilikuwa nyumba ya shamba, juu ya mlima nyuma ya Baraka, katikati ya muhogo na mahindi. Ilikuwa na vyumba vinne, baraza mbele na nyuma, na ghala chini ya paa lilelile, ili mahindi yapate moshi wa jiko. Mlango ulichongwa na fundi wa zamani za Waungwana, wale waliotoka pwani. Majani ya paa yalishuka chini sana, hata mtu mrefu aliingia kwa adabu apende asipende.

Mama mkwe huyo, Mwanahamisi, alikuwa na desturi yake. Kila kiangazi alikwangua udongo wa mwaka uliopita, akatazama miti iliyo ndani, ndipo akakandika upya kwa kiganja. Vidole vinne vilipanda pamoja, na kidole gumba kikapinda mwishoni kama mwezi mchanga. Wanawake wengine hulainisha kwa jiwe. Katika nyumba ile mkono uliachwa uonekane.

"Nyumba ya udongo ni kama mutoto," alimwambia Marthe. "Usipoiogesha, itanuka, na batu batakucheka weye, hapana yeye."

Walikandika pamoja miaka ishirini na sita. Mwanahamisi alisali sala zake za Kiislamu, Marthe alishika rozari yake, na udongo haukuuliza.

Mwaka wa 1949 Mwanahamisi alifariki. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ukuta wa ghala, ambao siku zote aliukwangua na kuukandika peke yake. Casimir, mume wa Marthe, alimfuata mama yake baada ya miaka miwili. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Marthe akabaki na vyumba vinne.

Kila kiangazi alikwangua na kukandika, lakini alipofika ghalani mkono ulikataa. Hakuna padri wala mzee aliyemkataza. Kukwangua mkono wa marehemu aliona ni kumfukuza mwenye nyumba. Basi alikandika pembeni, akazunguka, akaacha vile vidole vya mama mkwe wake katikati, vikavu, vimepasuka kidogo.

Mwaka wa sita tangu kifo cha Mwanahamisi sauti ikaanza.

Ilikuja saa sita mchana, watu wakiwa mashambani. Marthe aliingia ghalani kuchukua mahindi akasikia kshh, kshh, taratibu, kama kiganja kinachopita juu ya udongo mbichi. Aliweka kikapu chini. Sauti ikanyamaza. Akasema Salamu Maria moja, akangoja, ikaendelea.

Hakukimbia. Jambo lililomtia hofu zaidi ni kwamba alifurahi. Kesho yake alirudi saa ileile. Akawa anamsalimu, "Mama, umeshindaje?" Siku ya kitubio alitaka kumwambia padri, akataja dhambi nyingine ndogo, akarudi nyumbani akiona haya.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata kapita, msimamizi wa serikali, alipita akikagua nyumba. Alizunguka nyuma, akasukuma ukuta wa ghala kwa kiganja, akauchora alama ya msalaba kwa kipande cha mkaa.

"Mama, hii imeanza kuinama," alisema. "Mbele ya mvua nitarudia. Nikiikuta vile, itavunjwa yote. We utaenda kukaa kwa shemeki yako, kule Kazimia."

Marthe alimtuma mtu amwite Norbert, mtoto wa ndugu ya mume wake, fundi wa kujenga kule misioni. Norbert alikuja pamoja na wifi yake Marthe, Saumu wa Kazimia, binti ya Mwanahamisi, mwanamke mzee mwenye mdomo usiopumzika. Alikuja, alisema, kuaga nyumba ya mama yake.

"Shemeki, umekonda," Saumu alisema. "Panya ndiyo banakula, ao weye?"

Norbert aliingia ghalani, akagonga ukuta kwa vidole. Mahali pote palijibu pa! pa! Katikati, penye mkono wa Mwanahamisi, palijibu kama mtungi mtupu. Akaweka sikio. Marthe akashika mlango.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia. Tangu mwaka jana."

"Ni muchwa. Iko banakula miti. Hapa hapakwanguliwe tangu zamani, njo maana hakuna muntu aliona njia yabo." Alimtazama. "Kama tunaacha huu udongo, nyumba inaanguka. Kama tunautosha, tunaukwangua wote, naweka miti mipya, inasimama. Katikati hakuna."

Marthe aliachia mlango. Kwa hiyo mwaka mzima alikuwa akiwasalimu wadudu. Aliona uso wake ukiwaka, kisha akaona uchungu, kama aliyefiwa mara ya pili na mtu yuleyule.

"Lete nikwangue mimi," alisema mwishowe.

Alianza chini. Udongo ulitoka mwepesi, vumbi tupu, na mwezi mchanga ule ukadondoka vipande vipande juu ya miguu yake. Alikuwa akisali kwa midomo bila sauti. Alipofika usawa wa kifua, bamba zima lilianguka, na chini yake ukatokea udongo mwingine, mweusi kwa moshi.

Katika ule mweusi kulikuwa na mkono.

Alama yake ilikuwa ndogo, karibu ya msichana. Vidole vitatu vilishuka, havikupanda. Marthe alisimama. Alikandika miaka ishirini na sita na Mwanahamisi, na mkono huu hakuujua.

"Huyu ni nani?"

Saumu alisogea karibu. Mdomo wake ukapumzika.

"Mama alikuta mukono wa mwengine humu," alisema. "Bibi wa kwanza wa baba. Alikufa kijana. Jina lake hatukuambiwe. Kama tunauliza, mama alikuwa anatutuma maji."

"Na mama akamufunika."

"Akamufunika. Lakini uangalie, hakumukwangua. Aliogopa, sawa na weye."

Norbert alitazama miguu yake. Baadaye akauliza kwa upole, "Mama, naendelea?"

"Endelea."

Miti mitano ilikuwa imeliwa hata ikabaki maganda. Norbert aliibadili. Siku ya tatu Marthe alikanyaga udongo wa kichuguu na majivu, akakandika ukuta wote, chini hadi juu. Alipomaliza, mkono wake ulionekana kila mahali. Saumu alisema ni mzuri, kuliko wa mama hata.

Marthe aliutazama muda mrefu. Kisha alitoka nje akatafuta jiwe la mto, laini, akalilowesha. Akaanza kusugua.

"Shemeki, unaharibu," Saumu alisema.

"Sitaki mutoto wa batu aogope kugusa hapa."

Alisugua mpaka jua likageuka upande wa milima, mpaka ukuta ukawa mtupu kama maji yaliyotulia, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyefanya kazi ile.