Verdell Maddox na Makaburi ya Mgodi wa Tarver

Kwa miaka thelathini na minne Verdell Maddox alishona vidole vya soksi kiwandani, lakini ukimuuliza kazi aliyoifanya duniani hatakutajia soksi hata moja. Atakuambia yeye ndiye mwangalizi wa makaburi ya mgodi wa Tarver, na atakuambia kidevu kikiwa juu.

Makaburi hayo yako nyuma ya mji wa Corley, kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani, kwenye mteremko wa misonobari. Yapo mawe arobaini na matatu, mengi hayazidi urefu wa kiatu, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Chini yake wamelala wanaume weusi waliokufa wakichimba makaa zaidi ya miaka mia iliyopita. Hawakuwa wameajiriwa. Walikamatwa barabarani kwa kosa la kuzurura, au kwa kudandia treni, wakafungwa, kisha serikali ikawakodisha kwa mwenye mgodi kama mtu anavyokodisha nyumbu wa kazi. Aliyefia shimoni alizikwa hapo hapo, jiwe likawekwa, na wenzake wakarudi kazini.

Aliyeanza kufyeka pale alikuwa Lonnie, mumewe. Lonnie alipofariki, Verdell alichukua mashine ya kukatia nyasi akaendelea, kwanza kwa ajili ya Lonnie, halafu kwa ajili ya wale waliolala. Kiwanda kilipofungwa akajikuta ana siku nzima mikononi. Akaanza kwenda kila Alhamisi kwenye mahakama ya wilaya, chini kabisa, chumba cha madaftari ya zamani chenye harufu ya panya na unyevu. Karani alimzoea mpaka akamtengea kiti chenye mto. Verdell alisoma vifo, hukumu na orodha za wafungwa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kioo cha kukuzia maandishi, miaka minane. Alipata majina kumi na moja. Kwa kuwa hakuna ajuaye nani yuko chini ya jiwe lipi, aliyaandika yote kwa rangi nyeupe kwenye ubao, akaupigilia misumari langoni.

Na kila Februari, kwa miaka kumi na minne, watoto wa darasa la nne wa shule ya Corley walikuja. Mwalimu wao, Renee Lassiter, aliwapanga wawili wawili. Verdell aliwasomea majina, akawaambia watu hawa walikuwa nani na walifikaje pale, kisha kila mtoto akapewa brashi na ndoo ya maji asafishe jiwe moja. Wakimaliza walikula biskuti zake za siagi, wakaondoka na magoti yamejaa matope. Siku hiyo Verdell alivaa kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau.

Kisha wabunge wa jimbo, huko Montgomery, mji mkuu wake, wakapitisha sheria mpya. Sheria ilihusu mambo ambayo mwalimu wa shule ya serikali asiyafundishe kuhusu watu na rangi zao. Magazeti yalipiga kelele wiki mbili, halafu yakanyamaza. Verdell hakuona inamhusu nini, mpaka mwezi wa kwanza mwalimu Lassiter alipokuja mwenyewe mlangoni kwake, bila miadi, akisokota funguo za gari vidoleni.

"Mama Maddox, mwaka huu hatutakuja."

"Kuna mafua shuleni?"

"Hapana, mama. Ni ile sheria. Mwalimu mkuu anasema tungoje kwanza mwanasheria wa wilaya aisome."

"Kwani mwanasheria hajui kusoma? Si ilipita tangu mwaka jana?"

Mwalimu alicheka kidogo, machozi yakamtoka. "Nina watoto wawili, mama. Mtu mmoja akilalamika tu, kazi yangu imekwenda."

Verdell alimkaribisha ndani, akampa chai baridi yenye sukari, wala hakumlaumu. Lakini alipoondoka alivaa koti, akaenda maktaba, akamwomba kijana wa pale amchapie ile sheria yote. Aliisoma usiku na mchana kama alivyosoma yale madaftari ya mahakama, na rula chini ya kila mstari. Ukurasa wa sita akakuta palipoandikwa kuwa historia inaruhusiwa kufundishwa, mradi asilazimishwe mtoto kukubali kwamba ana hatia kwa sababu ya rangi yake. Akapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mchana ule alikuja Darlene Suggs kama kawaida. Darlene ni mzungu, jirani yake wa nyumba ya pili, na walikaa mashine mbili jirani kiwandani miaka ishirini na miwili. Waliozesha watoto pamoja, na walizika waume mwaka mmoja. Na Darlene ndiye aliyepiga kura kwa wale wabunge, na angekuambia hivyo bila kuulizwa.

"Usiniangalie hivyo," alisema akiketi kibarazani. "Mimi naiunga mkono. Sitaki mjukuu wangu aambiwe ni mtu mbaya kwa sababu ni mweupe."

"Nani kamwambia?"

"Huko mijini wanawaambia. Nimeona kwenye televisheni."

"Mimi nakuuliza habari za hapa, Darlene. Mwanao Rusty alikuja makaburini alipokuwa mdogo, enzi za Lonnie. Nilimwambia nini?"

Darlene akakoroga chai. "Ulimwambia asikanyage mawe."

"Ehe. Na yeye akakanyaga."

"Rusty hasikii mpaka leo," Darlene alisema, wote wawili wakacheka. Kisha akarudi pale pale: "Bado nasema shule ifundishe hesabu."

"Basi wahesabu makaburi."

Hawakuelewana. Darlene alikwenda zake mapema kuliko siku zote, na kesho yake hakuja.

Jumatatu iliyofuata baraza la shule lilikutana. Yeyote mwenye neno alipewa dakika tatu. Verdell hakuwahi kusema mbele ya watu isipokuwa kutangaza matangazo kanisani. Alivaa ile kofia ya zambarau, akasimama kwenye kipaza sauti kilichokuwa kirefu kuliko yeye, karatasi yake mkononi. Akaikunja, akaitia mkobani.

"Mimi si mwalimu," alisema. "Nilishona soksi. Nadhani wengi wenu hapo mbele mmeshavaa kazi yangu."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti.

"Nimeisoma sheria yenu yote. Sijui nyinyi. Ukurasa wa sita unasema historia ruhusa. Kwa miaka kumi na minne watoto wa mji huu wamepita mikononi mwangu, weusi kwa weupe. Kama yupo mmoja niliyemwambia ana hatia, na asimame sasa hivi, mimi nitaomba radhi na kufunga lile lango."

Nyuma kabisa kiti kikakwaruza sakafu. Akasimama kijana mzungu mwenye sare ya zimamoto, Cody Brasher, masikio mekundu kama pilipili.

"Sikuja kulalamika," alisema haraka. "Ila mimi nilikuwa darasa lile la kwanza. Nilisafisha jiwe la mwisho, karibu na uzio. Nikipita na gari mpaka leo naliangalia. Basi." Akaketi kama aliyeungua.

Kengele ya dakika tatu ikalia. Mwenyekiti akamshukuru Bi. Maddox kwa mchango wake, akasema jambo lingali kwa mwanasheria. Wakaingia kwenye habari za paa la jumba la michezo.

Verdell alitoka nje akiwa ameshindwa, lakini miguu yake haikulijua hilo. Alitembea hadi kwenye gari wima kama bibi harusi. Mchungaji Odom wa kanisa lake alimkimbilia.

"Dada Verdell, umewapa dozi! Sasa tufanyeje?"

"Sheria inawafunga walimu na shule," alisema Verdell. "Nimeisoma nikafika mwisho, Mchungaji, na sikuona jina langu. Jumamosi nafungua lango saa tatu asubuhi. Watoto waje na wazazi wao. Waambie walete brashi."

Gazeti la wilaya liliandika, na habari ikafika hadi jiji la Birmingham. Jumamosi ile alitarajia watu ishirini. Walikuja wapatao sabini. Cody Brasher alileta maji kwa gari la zimamoto, akisema mkubwa wake amemruhusu, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Mwalimu Lassiter alikuja na wanawe wawili, akakaa nyuma.

"Leo Jumamosi," alimnong'oneza Verdell. "Leo mimi ni mama yao tu."

Watu walipokwisha kukaa, gari la Darlene likapanda mteremko. Akashuka na mjukuu wake Kaylee, binti wa Rusty, wa darasa la nne, mwenye mapengo mawili ya meno.

"Usiseme neno," Darlene alimwambia Verdell. "Mtoto ndiye aliyelia anataka kuja. Wenzake wote wako hapa."

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema."

Verdell alisoma majina kumi na moja. Green Hollis, miaka kumi na tisa. Ab Sturdivant, umri haujulikani. Aliwaeleza jinsi mtu alivyoweza kutoka nyumbani asubuhi kutafuta kibarua, na jioni akawa ni mfungwa wa kukodishwa, kwa sababu tu hakuwa na karatasi ya mwajiri mfukoni. Hakupandisha sauti. Alipomaliza, Kaylee aliinua mkono.

"Ni sisi tuliowafanyia?"

Verdell alimsogelea.

"Wewe una miaka mingapi, mwanangu?" aliuliza Verdell.

"Tisa na nusu."

"Basi hukuwapo. Hata bibi yako hakuwapo, ingawa ukimwangalia unaweza kudhani." Kicheko kikawatoka watu, na Darlene akatoa ulimi kama msichana. "Hukuwafanyia wewe. Ila ni watu wa mji wetu, wako na wangu, na jiwe lile lina kuvu. Chukua brashi."

Kaylee akachukua brashi. Darlene alisimama kando na mkoba wake kifuani, kisha akashindwa kuzitazama tu zile nyasi. Akainama, akaanza kung'oa magugu kuzunguka jiwe la jirani, na hakuinuka mpaka mstari ule ulipokwisha.

"Bado nasema shuleni si mahali pake," alimwambia Verdell walipokuwa wakikusanya ndoo.

"Na mimi bado nasema umekosea."

"Haya. Kesho njoo ule, nimekaanga kambare."

Shule haikurudi. Mwanasheria wa wilaya, kwa habari zilizopo, angali anasoma. Darlene anapiga kura kama alivyokuwa akipiga, na Verdell naye vivyo hivyo. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi lango liko wazi, na Verdell amenunua brashi sitini.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja na binti yake, kutoka mji wa Bessemer. Aliitwa Thurman Gaines, miaka themanini na mmoja, suti ya kahawia, fimbo mkononi. Alikuwa ameona lile gazeti. Chini ya kwapa alibeba Biblia ya ukoo wao, imefungwa kwa taulo. Aliifungua juu ya boneti ya gari, kwenye ukurasa ambapo nyanya yake aliandika waliozaliwa na waliokufa.

"Huyu hapa," alisema. "Wiley. Kaka yake babu yangu. Alitumwa mjini kununua jembe mwaka 1908. Hakurudi. Nyanya aliacha nafasi ya tarehe ya kufa, na nafasi ipo mpaka leo."

Katika daftari la mahakama kulikuwa na mstari mmoja ulioliwa na unyevu, ambao hakuthubutu kuuweka ubaoni kwa sababu hakupenda kukisia jina la mtu. Aliukumbuka bila kuutazama: herufi W, kisha doa, kisha "ines", miaka ishirini, mwamba uliporomoka, Novemba 1908.

Akamtajia mzee kwa sauti, neno kwa neno. Binti yake alitafuta kalamu. Bwana Gaines aliishika mwenyewe, akajaza ile nafasi polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri.

Verdell akaleta kopo la rangi. Kumi na mbili: Wiley Gaines. Alisogea nyuma, akakagua herufi kama alivyokuwa akikagua mshono, akaona zimenyooka.

"Ni lipi lake?" aliuliza mzee, akitazama mawe.

"Hilo sijui, baba. Nisikudanganye. Hakuna ajuaye."

Bwana Gaines aliitikia kwa kichwa. Akavua kofia, akampa binti yake. Akaanza na jiwe la kwanza langoni: akainama kwa shida, akaweka kiganja juu yake, akanyanyuka, akaenda la pili. Akapita mistari yote hivyo, mawe arobaini na matatu, bila kuruka hata moja. Ilimchukua karibu saa nzima. Verdell alitembea naye bega kwa bega, kofia ya zambarau kichwani, bila kumshika mkono wala kumhimiza, kama mwenye nyumba anayemtembeza mgeni aliyengojewa siku nyingi.