Hema Lililofuliwa

Fundi wa mahema hakuwahi kumpenda mume wa mdogo wake, wala hakujisumbua kuficha. Mwanamume mzima, mdomo kama spika, viganja laini kama vya mtoto mchanga. Lakini mdogo mtu alimlilia hadi akachoka: "Dada, mjaribu tu." Basi akampa hema moja la turubai alitunze mpaka mteja aje kuchagua. Likikaa salama, kazi ya karakana ni yake.

Asubuhi ya mteja, shemeji alikuwa amelisimamisha uani, linang'aa kama shuka jipya. Fundi akalisogelea, akanusa.

"Umelifanya nini?"

"Nimelifua, shemeji! Sabuni ya unga na brashi. Lilikuwa linanuka nta, mtu angetapika."

"Nta ndiyo inayozuia mvua, bwege wee!"

Matusi mengine ilibidi ayameze. Mteja, kiongozi wa kundi la wapiga kambi, alishaingia getini na mabuti yasiyowahi kuona tope. Alilizunguka lile jeupe mate yakimdondoka. La pili, ambalo fundi mwenyewe alilisimamisha kando, kijani kilichopauka, lina viraka na linanuka nta, hakulitupia hata jicho.

"Nachukua hili. Safi sana!"

Shemeji akamkonyeza fundi: uza, nani atajua? Fundi akamtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Mvua ya kwanza ingejua, na mteja aliyelowa hutangaza kuliko redio.

"Hebu ingia ndani, kaka. Jipumzishe."

Akavuta mpira wa maji, akalinyeshea paa. Mara mteja katoka mbio, fulana imemganda mgongoni.

"Mama, hili si hema, ni chujio!"

"Sasa ingia lile baya."

Akaingia amenuna. Maji yakateleza juu ya turubai, yeye ndani mkavu. Alilichukua hilohilo kwa bei ya fundi, maana mtu anayetetemeka hana ubavu wa kuvutana bei.

Shemeji akajikohoza. "Kwa hiyo... naanza kesho?"

"Anza sasa hivi, kuondoka. Na usilikunje hilo likiwa bichi, litaota ukungu."

Jioni mdogo mtu akapiga simu, kilio tele. Fundi alimsikiliza huku akilisugua nta lile hema jeupe, mshono baada ya mshono.

"Mdogo wangu, huyo ulimchagua mwenyewe," akasema. "Mimi vyangu huwa navimwagia maji kwanza."

Akakata simu.